Uzamivu wa namna gani humwandaa mtu kufundisha historia chuo kikuu?

Mwalimu wa Langoni, Lamu

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu wa Historia na Serikali katika shule ya upili hapa Lamu, na nina shahada ya uzamili niliyoisomea katika chuo kikuu kimoja cha humu nchini. Nimeazimia kuendelea na uzamivu, na nia yangu naieleza wazi tangu mwanzo: sitafuti cheo wala sifa ya kuitwa daktari, bali nataka kuwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu historia jinsi inavyostahili kufundishwa.

Kinachonitatiza ni hiki. Kila nikisoma maelezo ya idara za historia nakuta habari za pendekezo la utafiti, msimamizi, tasnifu na mtahini wa nje, lakini ni nadra kukuta neno lolote juu ya ufundishaji. Yaelekea mtu akishaandika kurasa mia tatu kuhusu, tuseme, biashara ya boriti za mikoko kati ya Lamu na nchi za Ghuba, hudhaniwa kuwa amekwisha kujua namna ya kuwafundisha vijana mia mbili wa mwaka wa kwanza historia ya dunia tangu 1500. Mimi sioni jinsi jambo la kwanza linavyozaa la pili.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu naona vijana wanavyofika chuoni. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne hujiandaa kwa karatasi mbili za mtihani wa 311, yaani Historia na Serikali, na wengi wao huhifadhi hoja sita za sababu na hoja sita za matokeo, wakazimwaga kwenye karatasi na kuzisahau kabla ya matokeo kutoka. Wanaobahatika kwenda chuo kikuu huniambia, wakirudi likizo, kwamba huko nako husomewa maandishi ya mhadhiri nao huyanakili. Ikiwa uzamivu ndio unaotuzalishia wahadhiri wa namna hiyo, basi ningependa kujua kama upo uzamivu mwingine.

Nimesikia kwamba Marekani kulianzishwa shahada ya udaktari mahususi kwa wanaotaka kufundisha vyuoni. Je, ingalipo? Au nichukue uzamivu wa elimu badala ya historia? Na baina ya kusoma humu nchini, Uingereza na Marekani, ni wapi mtu hufunzwa kufundisha kweli?

Mkaazi wa Shela, Malindi

Wa alaykum salaam, Maalim. Mimi ni mhadhiri wa historia, na swali lako ningependa kila idara nchini ijiulize.

Nianze na shahada uliyoisikia. Iliitwa Udaktari wa Sanaa, ikaanzishwa katika chuo cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadaye Shirika la Carnegie la New York likatoa fedha ili vyuo vingine viige mfano huo. Mwanafunzi alisoma somo lake kwa upana zaidi kuliko mwenzake wa uzamivu wa kawaida, akafunzwa mbinu za ufundishaji, akafanya mazoezi ya kufundisha chuoni, na tasnifu yake iliweza kuhusu namna ya kufundisha sehemu fulani ya historia. Fikra yenyewe ilikuwa njema. Kwa bahati mbaya, wahitimu wa mwanzo walitoka wakati nafasi za kazi za historia Marekani zilipoporomoka, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wakuu wa idara, wakiwa na rundo la maombi mezani, waliendelea kumpendelea mwenye uzamivu waliouzoea. Vyuo vingi vilivyoianzisha vimekwisha kuifuta au kuigeuza. Kwa hiyo usiitegemee.

Uzamivu wa elimu ni masomo ya heshima, lakini utakuweka katika idara ya mitaala na ufundishaji, nawe wataka darasa la historia. Viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 huzingatia uzamivu katika fani husika, na idara ya historia itakuuliza historia uliyoisoma kabla ya kukuuliza jambo jingine lolote.

Sasa nije kwenye kiini cha swali. Mfano ninaoujua vyema ni wa hapa mjini kwetu. Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapewa rubani, akang'oa nanga tarehe 24, na katika muda usiotimia wiki nne akawa ameifikia pwani ya Calicut huko India. Nani alikuwa rubani huyo? Takriban kila kijana anayekuja darasani kwangu hujibu bila kusita kuwa alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu, kwa maana ndivyo alivyofundishwa shuleni.

Huwapa karatasi moja yenye vipande vitatu. Cha kwanza kimetoka katika kumbukumbu za safari zilizoandikwa na mmoja wa wasafiri wenyewe, ambaye hakutia jina lake; yeye hamtaji rubani kwa jina, ila anasema alikuwa Mkristo. Cha pili ni cha João de Barros, mwandishi wa tarehe wa Kireno aliyeandika katikati ya karne ya 16, naye asema rubani alikuwa Mwislamu wa Gujarati. Cha tatu ni cha Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, ambaye aliandika zaidi ya miaka sabini baada ya tukio, naye ndiye anayemtaja Ibn Majid na kudai kuwa alileweshwa ndipo akatoa siri ya njia.

Huwaacha wasome kimya, kisha huanza kuniuliza jibu sahihi ni lipi. Siwapi. Nawauliza wao: nani alikuwamo chomboni? Nani aliandika akiwa mbali, na kwa ajili ya msomaji gani? Kwa nini mwandishi wa kwanza amwite rubani Mkristo? Hapo nawasomea sehemu ya mbele ya kumbukumbu hizo hizo, ambapo Wareno waliingia katika hekalu la Kihindu huko Calicut na kuswali humo wakidhani ni kanisa. Kimya cha darasa hubadilika. Mmoja husema kwamba basi huenda rubani alikuwa Mhindu, mwingine hupinga kwamba Barros alikuwa na nyaraka nyingi zaidi, na wa tatu hutaka kujua al-Nahrawali alipata wapi habari ambayo Wareno wenyewe hawakuwa nayo. Kufikia mwisho wa saa hawajui kwa yakini rubani alikuwa nani, lakini wanajua kwa nini madai ya Ibn Majid ni dhaifu kuliko walivyoaminishwa, na wanaweza kulieleza hilo kwa ushahidi.

Saa moja ya namna hiyo huhitaji mambo mawili, na uzamivu wetu hutoa moja tu. Lazima uvijue vyanzo, tarehe zake na ubishi unaovizunguka, na hilo uzamivu hukupa. Lakini lazima pia ujue jinsi asiye mwanahistoria anavyosoma. Mtafiti Sam Wineburg alionyesha mwaka 1991 kwamba wanahistoria wakipewa waraka hutazama kwanza nani kaandika na lini, ilhali wanafunzi hodari wa sekondari huanza mstari wa juu na kuteremka hadi chini kana kwamba waraka hauna mwenyewe. Miaka ya tasnifu huizamisha tabia hiyo ya wanahistoria ndani ya mtu hata asijue tena kuwa anayo, na asichokijua kuwa anacho hawezi kumfunza mwenziwe. Ndiyo maana wapo watafiti bora kabisa ambao darasani huishia kusoma maandishi yao kwa sauti.

Kwa hiyo, Maalim, chukua uzamivu wa historia, ila uichague idara kwa kuuliza nini itakufanyia kuhusu hilo la pili. Muulize mkuu wa idara kama wanafunzi wa uzamivu hufundisha, kama yupo mtu anayeketi nyuma ya darasa kuwatazama na kuwaeleza alichokiona, na kama kuna mahali wanapofunzwa kutunga silabasi. Akishindwa kujibu, nalo ni jibu.

Binti wa Mkomani

Nashukuru kwa mjadala huu, na namsalimu Maalim kwa heshima, maana sote ni wa Amu, yaani Lamu. Mimi naandika tasnifu yangu Marekani, hivyo nitasema ninayoyaona huku.

Uzamivu wa historia Marekani huanza na miaka miwili hivi ya masomo ya darasani, kisha mtihani mkubwa wa nyanja kadhaa, na baada yake ndipo mtu huanza utafiti wa tasnifu. Kwa jumla safari hukaribia miaka minane, na anayekuja na familia alipime hilo kabla ya kuvutwa na jambo jingine lolote. Vyuo vikubwa hukulipia ada na kukupa posho, na badala yake unakuwa msaidizi wa kufundisha: profesa hutoa mhadhara kwa darasa zima, kisha wewe huchukua vikundi vya wanafunzi ishirini hivi na kujadiliana nao usomaji wa wiki, na kusahihisha insha zao.

Hapa nataka kumwongezea kidogo ndugu yetu wa Shela. Usaidizi wa kufundisha ni kazi kabla haujawa mafunzo. Idara huuhitaji kwa sababu ina wanafunzi wengi na walimu wachache, na inawezekana kabisa mtu akasahihisha mamia ya insha bila hata siku moja kuambiwa na mwalimu wake ni maoni gani yanayomsaidia mwanafunzi kuandika vizuri zaidi. Zipo juhudi za kurekebisha hilo. Mwaka 1993 ulianzishwa mpango wa kitaifa wa kuwaandaa wahadhiri wa kesho, ambao uliwapeleka wanafunzi wa uzamivu kwenye vyuo vya aina nyingine, vidogo na vya jamii, ili waone kazi ya mhadhiri ilivyo nje ya vyuo vya utafiti, na fikra hiyo ingali inafuatwa katika vyuo kadhaa. Lakini ni idara moja moja. Jina la chuo halitakuambia kitu.

Kilichonifunza mimi kufundisha zaidi kuliko vile vikundi ni ule mtihani wa nyanja. Nilitahiniwa katika historia ya Afrika, ya Bahari ya Hindi na ya jamii za Kiislamu, na kwa ajili yake nilisoma vitabu vingi ambavyo havikuwa na uhusiano wowote na tasnifu yangu. Nilipokuwa nikisoma nililazimika kuuliza kila mara jambo moja: ikiwa nina wiki kumi na nne tu za kuwaeleza vijana habari za bahari hii, nitaanzia wapi, nitaacha nini, na nitaweka wapi bandari za Shanga, Kilwa, Aden na Cambay ili zisionekane kuwa majina yaliyopangwa kwenye orodha? Kuchagua cha kuacha ni nusu ya ufundishaji wa chuoni, na aliyesoma jambo lake moja tu hana cha kuchagulia. Uzamivu wa Uingereza, ambao ni utafiti mtupu wa miaka mitatu au minne ukifuatwa na mtihani wa mdomo, haukupi upana huo isipokuwa ujitafutie mwenyewe. Vyuo vingi vya huko, hata hivyo, huwapa wanafunzi wa uzamivu nafasi ya kupata cheti cha ufundishaji wa elimu ya juu, na ukienda huko usikiache.

Kama utaomba huku, dirisha la maombi hufungwa mwezi wa Desemba katika idara nyingi, kwa masomo yanayoanza mwaka unaofuata. Waandikie mapema wale watakaokuandikia barua za mapendekezo.

Mstaafu wa Mambrui

Wanangu, nimesoma yote kwa makini, na nina jambo la kupinga, ingawa nafurahi kuona historia ingali na watu wanaoijali hivi.

Mnazungumza kana kwamba utafiti na ufundishaji ni mizigo miwili ambayo mtu mmoja ameonewa kubebeshwa. Mimi siamini hivyo. Kile kipindi cha rubani wa Malindi kilichosimuliwa hapo juu hakingewezekana kwa mtu ambaye hajawahi yeye mwenyewe kukaa na vyanzo vinavyopingana na kukosa usingizi kwa ajili yake. Mwalimu asiye na utafiti hufundisha majibu ya wengine. Tazameni chuo kikuu cha Dar es Salaam baada ya 1963, Terence Ranger alipokuwa profesa wa kwanza wa historia pale: vitabu vya kufundishia historia ya Afrika kwa jicho la Mwafrika vilikuwa vichache mno, hivyo wahadhiri walilazimika kutafiti ili wapate cha kufundisha, na wanafunzi waliketi mbele ya watu waliokuwa wakiitengeneza elimu hiyo mbele ya macho yao. Tazameni pia Bethwell Ogot, aliyekuwa mwalimu wa shule kama wewe, Maalim, kabla ya kuandika London tasnifu juu ya Waluo wa Kusini akitegemea masimulizi ya wazee, wakati wasomi wengi hawakuamini kwamba masimulizi hayo yaweza kuwa ushahidi. Aliporudi Nairobi akaongoza idara ya historia, alikuwa na hoja ambayo ameipigania mwenyewe, na mwanafunzi huijua tofauti.

Kwa hiyo nakushauri uanzie kwenye mada, na usiikimbie Lamu. Hati za mkono za msikiti wa Riyadha zimekwisha kupigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Zipo habari za wafalme wa Pate, zilizokusanywa na kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika nakala zisizolingana, na zipo nyaraka za serikali ya kikoloni Nairobi na Zanzibar. Ikiwa unaisoma khati ya Kiarabu na unaijua lugha ya wazee wa Amu, una mtaji ambao mwanafunzi wa ng'ambo huutafuta kwa miaka. Usisahau kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kwani bila hicho milango rasmi haitafunguka.

Nakubali jambo moja bila ubishi. Uzamivu wa humu nchini hukwama mara nyingi kwenye usimamizi. Msimamizi ana darasa la mamia, ana wanafunzi wa uzamili, ana vikao, na sura uliyomkabidhi hukaa mezani pake muhula mzima. Kabla ya kujiandikisha, watafute wanafunzi waliomaliza chini yake, uwaulize walimaliza baada ya muda gani na kama walikuwa wakijibiwa. Mada nzuri chini ya msimamizi asiyepatikana huoza.

Mwalimu wa Langoni, Lamu

Nawashukuru nyote, na shikamoo Mzee wangu wa Mambrui. Maelezo ya Bi Mkomani kuhusu miaka minane yamenifanya nifikiri sana, kwa kuwa nina watoto wadogo na mama yangu mzazi ni mtu mzima. Naelekea kusoma humu nchini, nikiombea likizo ya masomo, na mada itakuwa ya huku kwetu. Lakini hofu yangu ya kwanza inabaki pale pale: nikichukua uzamivu wa tasnifu tupu, huo upana na hayo mafunzo ya darasani nitavipata wapi?

Mkaazi wa Shela, Malindi

Utajitengenezea, Maalim, na una mahali pazuri zaidi pa kuanzia kuliko unavyofikiri. Katika vyuo vyetu wengi wa wanaosoma historia ni wanafunzi wa shahada ya elimu watakaokuwa walimu wa shule za upili. Wewe umekuwa huko. Unajua watakachokutana nacho darasani, na hilo wahadhiri wengi hawalijui.

Kuhusu upana, mwombe msimamizi akubali katika mwaka wa kwanza, sambamba na pendekezo la utafiti, usome nyanja mbili nje ya mada yako na kumwandikia insha fupi juu ya kila moja. Si sharti la chuo, lakini wasimamizi wengi hufurahi kuombwa jambo kama hilo. Bi Mkomani akiridhia kutuwekea hapa orodha aliyoisoma ya Bahari ya Hindi, atakuwa amekuokolea miezi mingi.

Kuhusu darasa, omba kufundisha somo moja tu kwa muhula kama mhadhiri wa muda, na usipokee zaidi ya hapo hata ukishawishiwa, kwa maana malipo yake huchelewa na masomo manne yataimeza tasnifu yako. Mwombe mhadhiri mmoja unayemheshimu aje kukutazama, nawe uende kumtazama. Hifadhi kila silabasi, kila swali la insha na mifano ya kazi za wanafunzi yenye maoni yako, kwani jopo la usaili likikuuliza unafundishaje utakuwa na cha kuwaonyesha. Na usiiache tasnifu ikae peke yake hadi mwisho: viwango vya Tume vinataka makala zilizochapishwa katika majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu, na majarida huchukua muda.

Tunga tangu sasa silabasi ya wiki kumi na nne ya historia ya pwani ya Afrika Mashariki kwa mwaka wa kwanza. Kwa kila wiki weka chanzo kimoja ambacho wanafunzi watakisoma wenyewe darasani, na swali moja ambalo haliwezi kujibiwa kwa kuhifadhi. Ukiwa na rasimu iweke hapa, nami nitaisoma wiki kwa wiki na kukuandikia maoni yangu; naamini Mzee wa Mambrui naye atakuwa na ya kusema kuhusu vyanzo vya Pate.